Dumu la Kwanza

Nyemo, kidato cha tatu, yuko kizingitini
ananisomea himoglobini.
Mimi nafunga madumu.
La kwanza ni vita: punda anapinda mgongo,
kamba inateleza.
La pili linakubali. La tatu. La nne halina neno.

"Ndivyo hivyo hivyo, baba. Nne nne, mapafuni."

Na nani humwambia pa kutua?

"Joto. Penye kazi na uchachu
mkono wake hulegea."

Sikumjibu. Maji yana wenyewe.

Lakini kwenye mwinuko wa Makang'wa, saa saba,
paja likiwaka, nimesimama nikihema,
na humo ndani punda mwekundu akatua dumu,
asidai mia tano,
akageuka
na moshi wangu mgongoni.