Bampa Chini ya Chandarua

Fundi wa Walukuba alitaja laki tatu.
Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Nililing'oa bampa mwenyewe,
nikalilaza juu ya viti viwili,
nikaliogesha kwa sabuni ya vyombo
kama mtoto aliyetoka kucheza matopeni.
Msasa na maji: fedha ikatoka, chini yake kijani,
chini ya kijani, rangi ya mtu nisiyemjua.
Kumbe kila mmoja wetu alipaka, akauza.

Praima. Kungoja.
Kisha kopo moja tu, elfu ishirini na tano,
pumzi fupi fupi, mkono usitulie:
ukikawia mahali pamoja, rangi hulia machozi.

Jioni wadudu wa ziwa wakapanda kutoka Masese,
wingu zima.
Kagoya akanirushia chandarua cha mtoto.
"Kirudi kabla hajasinzia."

Asubuhi linang'aa, karibu sawa na mlango.
Karibu.
Pembeni kushoto mdudu mmoja amekauka ndani ya vanishi,
mbawa wazi. Nimeshika msasa, nimeuweka chini.

Mtoto ana vipele vitatu shavuni.
Hivyo sikuvipigia hesabu.