Ina Mapezi

Kiwanda kilifungwa mimi sijazaliwa.
Mchoro tumeunakili kwa karatasi iliyopakwa mafuta ya kula;
pale mende walipotafuna, Nkwimba kakisia.

Bomba ni roli tupu la kitenge,
tuliliokota Makoroboi. Pua, kibuyu kichanga.
"Roketi gani ina masharubu?" fundi redio anauliza.
Hii. Ya zamani nayo ilikuwa nayo,
matatu kushoto, mawili kulia.

Jumamosi, juu ya mawe ya Igogo:
tano, nne (Nkwimba kairuka tatu kwa pupa)
fyuuu, ikapanda, ikapinda,
ikalikodolea ziwa kama iliyosahau kitu huko.
Parashuti, kitambaa cha mwavuli wa mama, ikagoma.

Chubwi.

Nkwimba hakulia.
"Si ina mapezi," alisema,
akaenda kuomba tena mafuta ya kula.