Herufi Tano Mlangoni

Jina lilikuwa mlangoni, upande wa dereva,
limechorwa kwa msumari: W, A, I, S, W.
A ya mwisho haikufika.
Ama msumari ulichoka, ama mama yao aliita uji.

Sikuuliza. Pafukapo moshi pana moto,
na hapa moto ulikuwa umeandika jina lake.
Waiswa alilala bila chapati, sikio moja likimwaka.

Nikaenda mjini na namba ya rangi kiganjani,
nimeinakili kwenye kibati cha chini ya boneti.
Muuzaji akaisoma, akakuna kidevu,
akanipa makopo mawili ya kijani, moja la praima, moja la vanishi.
"Inakaribiana," alisema.
Inakaribiana!
Elfu sabini na mbili, trei sita za mayai,
kwa rangi inayokaribiana.

Jumamosi, Walukuba, upepo bado umelala.
Mlango nimeuosha kwa sabuni ya kipande,
kioo nimekifunika gazeti la mwezi uliopita,
waheshimiwa wote vichwa chini, miguu juu.
Wandera kaegemea ua, kikombe mkononi:
"Peleka gereji, bwana. Rangi si ugali."
Gereji wanataka laki tatu, nikamjibu,
na Korona hii inanuka mayai, haiendi harusini.

Waiswa nimemweka karibu, ndiyo adhabu yenyewe,
ashike ndoo, alowanishe msasa.
Tunasugua, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
maji ya kijani yanachuruzika hadi visiginoni.
W ya kwanza imekwisha. A imebaki miguu. I, hiyo haina ubishi.
"Na hii tunayofuta sasa, ni herufi gani?"
nauliza, kumchoma kidogo.
Anaitazama S kama nyoka aliyeingia nyumba ya jirani.
"Sijui, baba."
"Na hii ya pembeni?"
"Sijui."

Msasa ukasimama.
Maji yakaendelea kutiririka peke yake.

Nyuma ya pipa la maji palikuwa na magoti mawili,
magoti ninayoyajua, moja lina kovu la baiskeli.
"Tenywa!"
Pacha wake akaja, akihesabu vidole vya miguu.
"Mwalimu alisema kila mtu aandike jina lake.
Yeye lake halijui. Nikamwandikia."
"Kwenye gari?"
"Daftari lilikuwa limejaa."

Basi. Nikachukua kopo, nikatikisa,
gololi ikalia tumboni mwake, ta-ta-ta-ta-ta,
dakika mbili nzima nikitafuta la kusema,
na la kusema halikupatikana.
Nikampa Waiswa atikise yeye.
Alitikisa mpaka mashavu yakacheza, kisha akacheka.
Msamaha niliokuwa nao ndio huo.

Praima ya kijivu. Subiri.
Kijani, shibiri moja na kitu kutoka mlangoni,
mkono usisimame; ukisimama, rangi inalia.
Ililia mara moja, chini ya kitasa.
Tabaka la pili. Subiri. La tatu.
Saa kumi wakaja wadudu wa ziwani, wingu zima,
na kundi likapanda vanishi ingali mbichi,
mabawa wazi, abiria wasiolipa nauli.

Naigaga akatoka, akautazama mlango, akainamisha kichwa.
"Umekuwa kama shemeji," alisema,
"wa nyumbani, ila si wa damu."

Pale nilipoachia msasa sikurudi tena.
Nilisahau, au sikusahau; siku ile ilikuwa na mengi.
Asubuhi, umande ukiikalia Korona,
zinajitokeza kwa mbali chini ya kijani: S, W.
Kopo jingine ni elfu kumi na nane. Sijanunua.

Jana nilitoka na funguo mkononi, trei zimeshapakiwa,
nikamkuta Waiswa amechuchumaa pale mlangoni,
kidole kimelowa, anaifuata S kutoka juu,
anapotea kwenye kona ya pili,
anarudi juu, anaanza upya.

Mayai yalichelewa sokoni.