Jina Mzanini

Profesa Atuganile alikuja Tukuyu na mabuti ya mpira;
mvua yetu haijui likizo.
Hakuuliza mila. Aliuliza saa.
Saa kumi alfajiri, nani yuko macho?
Kuni nani? Maji nani? Kikapu cha chai kiko mgongoni kwa nani?
Baba akacheka: "Msomi huyu atahesabu hata pumzi."

Akaandika: pumzi.

Siku ya mzani, kilo kumi na tisa,
mgongo wa mama ukitiririka,
karani akaandika jina la baba,
ambaye hajachuma hata jani la dawa.
Akauliza polepole, kwa Kinyakyusa cha kwao Masoko:
"Huyu aliyelowa anaitwa nani?"

Karani hakujua.
Miaka kumi na moja alimwita Mama Nanihii.

Juzi tumemzika. Udongo bado mbichi.
Vitabu vyake sijavimaliza, Kiingereza chake kina miiba.
Ninayo risiti tu, imekunjwa mara nne:
Subilaga Mwakalobo, kilo 19.

Na baba, mzee sasa,
huteka maji mchana kweupe.
Akikutana na wenzake husema
ndoo hii namshikia mtu.