Gunnvor Asoma Midomo

Haugesund, safu ya tisa, mvua inakata kama wembe.
Gunnvor hajasikia filimbi tangu azaliwe,
ila midomo huisoma kama gazeti,
nasi majirani humvuta mkono: kasema nini?

Dakika ya themanini na nane. Goli letu!
Refa akatia kidole sikioni,
akatuacha wima na furaha mdomoni
kama chai ya moto,
kuimeza huwezi, kuitema huwezi.

Dakika nne nzima.
Katika chumba tusichokijua
watu tusiowajua
wanapiga mistari juu ya bega la kijana wetu.

Refa akajibu kitu.
Alifunika mdomo kwa kiganja.

Gunnvor akatugeukia, akasema kwa vidole vyake vilivyoganda:
Haya. Leo sote viziwi.

Goli likafutwa. Labda ni haki,
bega nalo huzidi kwa upana wa ukucha.
Hukumu nitaimeza, hata chungu,
ila nionyeshwe ikipikwa.

Jumapili iliyofuata alikuja na boksi la samaki,
amelikata, bado linanuka,
kaandika kwa rangi ya mlango wake, nyekundu:
SHUSHA MKONO.