Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jalada hili Msabila alilishona kwa uzi wa gunia
mwaka ule ushirika wetu wa asali uliponunua kompyuta
na nusu ya Sikonge ikaja kuitazama ikiwaka.
Kurasa arobaini na moja za msaada, alizichapa zote,
maana, alisema, mashine ikigoma na msaada umo ndani yake
ni ufunguo wa ghala kufungiwa ghalani.

Sasa mashine ni ya tatu. Mimi, Kwandu, karani wa nne.
Mtandao umekatika, warina asali wanangoja stakabadhi,
nami nimefika ukurasa wa kumi na tisa:
"Fungua faili la mipangilio. Andika anwani. Hifadhi."

Nimelifungua. Mstari wake wa juu unanionya:
usinihariri kwa mkono,
nimeandikwa na programu nyingine, nayo itaniandika tena.
Nikaandika hivyo hivyo. Nikahifadhi.
Nikazima, nikawasha. Anwani yangu haipo,
kama nyayo kwenye njia ya Ipole baada ya mvua.

Pembeni, kwa penseli: "Si kweli tena. Machi 2014."
Ni mwandiko wa Msabila.
Chini, kwa wino mwekundu: "Kweli tena, baada ya kusasisha."
Chini zaidi, mkono nisioujua: "Inategemea."

Hakuna aliyedanganya.
Maneno yamekaa pale pale yalipowekwa;
nyumba ndiyo iliyohama, ikaacha mlango umesimama.

Ntinginya amechungulia dirishani, ndoo miguuni.
"Kitabu kinasemaje?"
"Kinasema ndiyo."
"Na mashine?"
"Inakataa."
"Basi niandikie kwa mkono, nyuki hawajui mtandao."
Kilo sitini na mbili. Nta, kilo nne na robo.

Jioni nimebaki peke yangu, najaribu mstari baada ya mstari.
Amri ya kuzima bado inazima.
Printa inayotajwa ukurasa wa thelathini
niliiona juzi, kuku ametagia ndani yake.
Menyu ya ukurasa wa saba imebadilishwa jina, haijafa.
Na ukurasa wa kwanza, ambao hakuna aliyewahi kuuandika pembeni:
"Kabla hujabadilisha chochote, nakili faili la zamani, uliweke kando."

Sikunakili.

Nimechonga penseli.
Nimeandika tarehe ya leo kwenye ukurasa wa kumi na tisa.
Mbele ya tarehe, bado sijaandika kitu.