Neno la Kumi na Saba

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, Kutaisi.
Mvua imepunguza watu: viti arobaini,
waliokuja kumi na wanane, pamoja na mlinzi
aliyeingia kwa ajili ya heta.

Mhadhara ni wa bure. Tangazo mlangoni limelowa,
wino wa *Lugha na Ibada Milimani*
umechuruzika hadi kwenye tarehe.

Daktari Vazha Lomtadze anafuta miwani kwa tai.
Ameishi na kanda hii miaka ishirini na miwili:
dakika nne na nusu, sauti ya mwanamke,
kijiji cha Svaneti, theluji hadi madirishani,
mwaka wa sitini na moja.
Mwalimu wake aliiteremsha kwa farasi, kisha kwa lori,
akaandika juu ya boksi kwa penseli: *Dua ya mifugo*.

"Sikilizeni," anasema, na kubonyeza.

Kwanza mkwaruzo, kama mchele unapepetwa.
Halafu yeye: sauti nene, ya haraka,
inapanda, inakata pumzi, inapanda tena.
Nyuma yake chuma kinagonga chuma.
"Kengele ya ibada," anatunong'oneza Daktari.

Ukutani maneno yamepangwa kama meno,
chini ya kila moja maana yake,
isipokuwa la kumi na saba. Hilo lina alama ya kuuliza.
Linarudi mara sita. Hakuna kamusi inayolijua.
Ameliandikia makala tatu.
"Huenda," anasema, na hapa sauti inanyenyekea,
"huenda ni jina la mungu wa kale, mlinzi wa zizi,
aliyesahauliwa na wote ila mwanamke huyu."

Mwanafunzi anaupiga picha ukuta.
Nami, nakiri, nilisisimka.
Nani asiyemhurumia mungu
aliyebakiwa na muumini mmoja, tena ndani ya kanda?

Safu ya nyuma, bibi mwenye mfuko wa vitunguu
anacheka.
Anaziba mdomo kwa skafu, mabega yanamsaliti.

"Kuna swali?"

"Si swali. Rudisha nyuma kidogo.
Hapo. Hapo penye kengele yako."

Chuma kinagonga.

"Hicho kifuniko cha sufuria.
Na huyo ni mama yangu. Hamwombi mtu.
Anasema: toka hapo, utaungua,
toka, kiatu cha mgeni kinashika moto,
mtoto gani huyu, hata ng'ombe ana adabu,
toka, mgeni akifika mjini atasema
huku kwetu tunapika viatu."

Ukumbi wote unacheka, mlinzi kupita wote.
Daktari naye anacheka, amechelewa kidogo,
kama aliyetafsiriwa.
"Na la kumi na saba, mama?"

Bibi anausogeza mfuko wa vitunguu,
anauegemeza vizuri kwenye mguu wa kiti.

"Hilo ni mimi.
Halina maana. Nilipokuwa najifunza kusema
nililikosea jina langu, nao wakalipenda kosa.
Watu wanne waliniita hivyo.
Nimewazika wote wanne."

Heta inatoa mlio wake.
Hakuna anayeandika.

"Weka tena," anasema.

Kanda inazunguka. Safari hii
hatuyatazami maandishi ukutani.
Mara ya kwanza anaitwa, ya pili, ya tano.
Mara ya sita, kabla mkwaruzo haujameza kila kitu,
bibi anajibu, kwa sauti ndogo, kwa lugha ile.
Sikujua neno lake. Sikuhitaji kuambiwa.
Yeyote aliyewahi kuitwa na mama kutoka jikoni
analijua: *abee*.

Baadaye, watu wakitafuta miavuli,
Daktari alimletea kalamu na karatasi,
akamwomba, tafadhali, kwa mkono wake,
aandike lile jina, herufi kwa herufi.

Bibi aliishika kalamu muda mrefu.
Kisha akaandika lile la kwenye pasipoti,
akachukua vitunguu vyake.